Rekebisha Karatasi, Chuma Kiache

Gari la zamani likianza kufunguliwa ili lifufuliwe, kitu chepesi kuliko vyote ndicho hupotea kwanza. Milango husimamishwa ukutani, vioo huviringishiwa mablanketi, injini hukalishwa juu ya tairi kuukuu. Kile kibati cha kiwanda, kipande cha aluminiamu kilichoshikwa na ribiti mbili au nne, hutumbukizwa kwenye kopo la skrubu. Kina jina la mtengenezaji, aina ya gari, namba ya shasi na mara nyingine namba ya rangi. Miezi ikipita na gari likishapigwa rangi, gereji nzima inaulizana kopo lilikwenda wapi.

Bujumbura jambo hilo halimnyimi mtu usingizi, kwa kuwa tumezoea kuamini kwamba gari linajulikana kwa karte roze, yaani hati yake ya usajili. Karatasi ipo, muhuri upo, jina la mwenye gari lipo. Kibati cha nini tena? Lakini karte roze ni nakala. Aliyeijaza aliinakili kutoka karatasi nyingine, na hiyo nyingine iliandikwa na mtu aliyeinama juu ya injini ya moto, kalamu mkononi, jasho likimwingia machoni. Asili iko kwenye chuma. Basi karatasi na chuma vikikosana, na kwa magari ya umri huu hukosana mara nyingi, cha kurekebishwa ni karatasi. Sisi tunafanya kinyume, na magari mazuri yanaharibika kwa kinyume hicho.

Plaki ya nje, ile inayosomwa na polisi wa barabarani, sina haja nayo leo. Hiyo ni ya serikali, na serikali hubadilisha plaki zake inavyotaka. Hata herufi RU ambazo Burundi inazo hadi sasa kama alama yake ya kimataifa nyuma ya gari ni mabaki ya Ruanda-Urundi. Nchi ile ilikwisha 1962, alama ikabaki. Ninazungumzia kibati cha kiwanda na namba iliyogongwa moja kwa moja kwenye chuma cha gari. Kibati kinaweza kung'olewa kwa bisibisi. Namba iliyogongwa haing'oki. Viwanda viliweka vyote viwili ili kimoja kimtolee mwenzake ushahidi, na mkaguzi anayejua kazi yake hutazama vyote kabla ya kuuliza gari limetembea kilomita ngapi.

Chukua Volkswagen Coccinelle, gari ambalo wazee wa mji huu walilifahamu kabla Toyota haijatawala. Mwagizaji wa Volkswagen nchini Ubelgiji, kampuni ya D'Ieteren, alianza kuziunganisha Brussels, kwenye kiwanda cha Forest, mwaka 1954, na Coccinelle ziliendelea kutoka pale hadi 1975. Kibati chake kiko mbele, kwenye nafasi ya mizigo, nyuma ya tairi la akiba. Namba iliyogongwa iko mbali na hapo: juu ya mfereji wa chuma unaopita katikati ya sakafu, chini ya kiti cha nyuma. Inua kiti, futa vumbi, utaiona. Sasa tazama jirani yake. Betri ya Coccinelle inakaa chini ya kiti hichohicho, upande wa kulia, na asidi iliyomwagika miaka nenda miaka rudi imeshakula sakafu pale mpaka unaona ardhi. Hatuna chumvi ya bahari kama Mombasa. Tanganyika ni ziwa la maji baridi. Kinachoua sakafu za huku ni asidi ya betri, tope linalonaswa chini ya zulia na, tangu ziwa lipande na mto Rusizi kufurika Gatumba miaka hii ya karibuni, maji yaliyosimama ndani ya gari siku nyingi bila mtu kuyatoa.

Kwa hiyo fundi bodi anapokuja na grainda yake kukata sakafu iliyooza, anafanyia kazi jirani kabisa na namba. Anapiga magoti, kelele imejaa, cheche zinaruka, na kile kipande cha mfereji kinaonekana kama sehemu nyingine tu ya kutu inayongoja kusafishwa. Kabla grainda haijawashwa, kipande hicho kipakwe grisi nzito, kifunikwe kwa mkanda tabaka mbili, na juu yake iwekwe bati ndogo. Kazi ya dakika tano. Mafundi wengi hawaifanyi kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba pale pana namba.

Bahati ni kwamba gari hili lilibuniwa kwa namna inayotusaidia. Sakafu yake ni nusu mbili, kushoto na kulia, zilizochomelewa kwenye mfereji wa kati. Nusu iliyooza hukatwa, mpya ikachomelewa, na mfereji wenye namba haujaguswa. Coccinelle inaweza kubadilishiwa nusu zote mbili, mabawa yote manne, milango na injini, na mbele ya sheria ikabaki ileile. Hatari huja mtu anapopata shasi nzima, kavu, ya gari jingine lililokufa, akahamishia bodi yake juu yake. Kifundi inavutia: bodi ya Coccinelle imefungwa kwa bolti, ikifunguliwa watu wachache wanaiinua. Lakini gari lililotoka hapo ni la shasi ile, na karte roze uliyonayo mfukoni ni ya gari lililobaki kwenye majani.

Ndipo unaposikia maneno yanayosemwa sana kwenye gereji za Buyenzi, tena kwa nia njema: "Patro, hiyo namba niachie mimi. Naisaga, nagonga ile ya kwenye karatasi, itatoka safi kuliko ya kiwanda." Kijana anayesema hivyo si mwizi. Anataka patro wake apite kontroli bila maswali. Jibu langu ni moja: "Mwanangu, ukishaigusa hiyo, hili si gari tena, ni kesi."

Kusaga hakufuti namba. Chuma kinapogongwa, chembe zake huminywa kwa kina kinachopita shimo unaloliona kwa macho. Maabara za polisi husugua mahali palipolainishwa, hupaka asidi ya haidrokloriki iliyochanganywa na kloridi ya shaba, na herufi iliyosagwa huibuka kama kivuli kwa kuwa chuma kilichominywa huliwa na asidi kwa kasi tofauti na jirani yake. Ufundi huo ni wa zamani na haudai mashine za ajabu. Tena herufi za kugonga zinazouzwa dukani hazifanani na za kiwanda. Kila kiwanda kilikuwa na mwandiko wake, nafasi zake kati ya tarakimu, kina chake, na vingi viliweka alama, nyota kwa mfano, mwanzoni na mwishoni ili pasiongezwe kitu. Mkaguzi aliyeona Coccinelle kumi atajua ya kumi na moja ina kasoro kabla hajavaa miwani.

Kabla ya kukilaumu chuma, mtu ajifunze kukisoma. Namba ya herufi na tarakimu 17 tunayoiona kwenye magari ya leo ilisimama imara kuanzia matoleo ya 1981, Marekani ilipoilazimisha, ikifuata muundo uliotangulia kupangwa na shirika la viwango la kimataifa, ISO, mwishoni mwa miaka ya 1970. Muundo huo hauna herufi I, O wala Q, kwa sababu hizo hufanana mno na 1 na 0. Kabla ya hapo kila kiwanda kilihesabu kivyake. Volkswagen, kuanzia toleo la 1965, ilitumia tarakimu tisa. Mbili za kwanza zinataja aina: 11 ni Coccinelle ya kawaida, 15 ni ile ya paa la kukunja, 14 ni Karmann Ghia. Ya tatu inataja mwaka wa toleo, na sita zilizobaki ni mfululizo. Kwa hiyo 118 ni Coccinelle ya toleo la 1968, nalo lilianza kutoka kiwandani Agosti 1967. Kuanzia toleo la 1970 tarakimu zikawa kumi.

Sasa weka mbele yako karte roze ya zamani iliyojazwa kwa mkono. Mwandiko tuliofundishwa shuleni, wa Kibelgiji, huipa tarakimu 1 mkia mrefu unaoanzia chini, na 7 hupewa kistari katikati. Kistari kikisahauliwa, 1 na 7 haziachani. Karatasi inayosema 178 ilikuwa 118, kwani hakuna Coccinelle inayoanza na 17. Tarakimu ya kumi iliyoishia nje ya kisanduku nayo ni ya kawaida. Mwaka vilevile: karani huandika mwaka gari lilipoandikishwa, chuma kinataja mwaka wa toleo, na tofauti ya mwaka mmoja au miwili haina udanganyifu wowote ndani yake. Anayeujua mfumo huu anaweza kukaa mbele ya ofisa wa OBR, ofisi ya mapato iliyoundwa 2009 na inayotoa plaki na karte roze, akamwonyesha kwa kidole kosa lilipoingilia. Asiyeujua ataambiwa namba haziendani, atarudi Buyenzi kutafuta nyundo.

Njia ya kurekebisha karatasi ni ndefu, sikatai. Utaandika barua, utaambatisha picha, utaomba gari likaguliwe, polisi watataka kuliona, ofisi moja itakutuma nyingine, na siku utakayofika mwenye muhuri atakuwa ametoka. Ndiyo maana nyundo inapendwa. Lakini karatasi iliyorekebishwa ina historia unayoweza kuieleza mbele ya mtu yeyote: ilikuwa hivi, ikathibitishwa hivi, ikaandikwa upya tarehe fulani. Chuma kilichorekebishwa hakina maelezo yanayokubalika popote.

Kinachobeba uzito katika faili la marekebisho hayo ni ushahidi uliochukuliwa kabla kazi haijaanza. Picha ya kibati kikiwa bado kichafu, rula pembeni, na nyingine ya mbali inayoonyesha kimefungwa wapi. Picha ya namba iliyogongwa ikimulikwa kwa tochi kutoka upande, maana mwanga wa mbele huziba vivuli na tarakimu hazisomeki. Kisha karatasi nyembamba juu ya namba na penseli laini ikipitishwa kwa ubapa wake mpaka tarakimu zitokeze. Karatasi hiyo itiwe tarehe na saini ya mwenye gari na ya fundi. Nakala ya penseli huonyesha ukubwa halisi, nafasi na hata tarakimu iliyogongwa kwa mshazari, mambo ambayo picha ya simu hupotosha. Juu ya hayo kuna kumbukumbu za viwanda vyenyewe. Jumba la makumbusho la magari ya Volkswagen huko Wolfsburg hutoa cheti cha kuzaliwa cha gari kwa kufuata namba ya shasi; magari ya Kiingereza kama Land Rover yana cheti kinachotolewa na makumbusho ya Gaydon. Barua ya Wolfsburg yenye namba ileile iliyo chini ya kiti inamaliza mabishano ambayo mashahidi watatu wangeyarefusha.

Je, kibati chenyewe king'olewe? Maoni yangu: kisiguswe kama hakuna kutu nyuma yake na ukuta wa bati unaokishika haubadilishwi. Kifunike, paka rangi kukizunguka, basi. Mpiga rangi atalalamika kwamba ukingo utaonekana, uonekane. Ikilazimika kukitoa, kisikwanyuliwe kwa bisibisi kutoka mbele. Aluminiamu ya unene ule hupinda pembeni na mkunjo wake haurudi, na kila mkaguzi husoma mkunjo huo kama dalili ya wizi. Kama nyuma panafikika, mkia wa ribiti ukatwe kwa patasi kali kutoka huko. Kama hapafikiki, kichwa cha ribiti kitobolewe polepole kwa keekee isiyozidi unene wa ribiti yenyewe, mpaka kichwa kizunguke peke yake na kuachia. Ribiti zilizotoka, hata zikiwa vipande, zitiwe kwenye bahasha moja na kibati, na bahasha hiyo ikae nyumbani kwa mwenye gari. Gereji si mahali pake.

Wakati wa kukirudisha, ribiti ndizo huwasaliti watu. Zile za kuvuta zinazouzwa kila duka la vifaa zina tundu katikati ya kichwa. Ikiwa kiwanda kilitumia zenye kichwa kilichojaa, tundu hilo linamwambia anayetazama kwamba kibati kimewahi kutoka. Halina ubaya ukiwa na picha na maandishi. Bila hivyo, maswali yanaanza.

Kukisafisha nako kuna mipaka. Maji ya vuguvugu, sabuni ya kawaida, brashi laini. Maji ya kostiki yanayochubua rangi kwenye bati hula aluminiamu, na kibati kilichoachwa humo usiku mmoja asubuhi hakipo. Thina hufuta maandishi yaliyochapwa na kuacha yale tu yaliyogongwa. Siungi mkono kukipiga polishi mpaka king'ae kama kioo. Kibati cha umri wa miaka 55 kinapong'aa kuliko taa za gari, mnunuzi mwenye akili hushika mkoba wake. Mkataba wa Torino, ambao shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lilikubaliana juu yake mwaka 2012, unatanguliza kuhifadhi kilichopo mbele ya kutengeneza upya, na sijui sehemu ya gari ambayo msimamo huo unaifaa zaidi ya hii.

Kwa namba iliyogongwa, adui ni mpuliza mchanga, na mwenzake ni fila. Mchanga hulainisha kingo za tarakimu. 8 inakuwa 3, 6 inakuwa 0. Fila na rangi nene huzifukia, na siku ya kontroli mtu anakwangua mbele yako kwa kisu akiwa ameshakushuku. Tumia dawa ya kuchubua rangi na brashi ya shaba, kisha rangi nyembamba mpulizo mmoja. Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 40 zina kibati kwenye ukuta kati ya injini na abiria, na namba imegongwa kwenye shasi mbele upande wa kulia, karibu na gurudumu, mahali panapopokea kila tope la barabara ya Bubanza. Pale kutu ikiwa imekula tarakimu moja, iache hivyo. Tarakimu nane zinazosomeka na moja iliyoliwa na kutu ni hali ya kawaida ya chuma cha umri huo, na kibati kinatosha kuijaza. Ukigonga ile moja upya umezitia shaka zote tisa.

Magari yasiyo na shasi ya peke yake ndiyo magumu. Peugeot 404 na 504 bodi yake ndiyo shasi, na namba iko kwenye chumba cha injini, kwenye bati la ndani la bawa. Bati hilo likioza, utafanyaje? Wapo wanaokata kipande chenye namba na kukipandikiza kwenye bawa la gari jingine. Hata kama magari yote mawili ni yako, umefanya kile hasa ambacho wezi hufanya, kwa vifaa vilevile, na mshono wa kuchomelea unaokizunguka kipande hicho hauna namna ya kusema nia yako ilikuwa safi. Ninachoshauri ni kazi ya subira: kipande chenye namba kibaki mahali pake kwenye gari lake, na bati jipya lijengwe kukizunguka, hatua kwa hatua, kila hatua ikipigwa picha. Kama kipande chenyewe ndicho kimeoza hadi kutoboka, hilo halitatuliwi na fundi. Ni la polisi na OBR kuamua kabla ya kukata, na uamuzi wao uandikwe.

Na kibati kilichokwisha kupotea? Siku hizi vinauzwa vipya, vitupu, kwa karibu kila aina ya gari maarufu, na muuzaji yuko tayari kukuandikia namba yoyote utakayomtumia. Uingereza, kwa miaka mingi, mtu aliweza kurudishia kibati na ikaeleweka, kwa kuwa DVLA, mamlaka ya usajili wa magari ya huko, ililitazama gari zima: shasi au bodi ya asili ilipewa pointi tano, usukani, ekseli, giaboksi na springi pointi mbilimbili, injini moja, na gari lililojengwa upya kabisa lilihitaji nane au zaidi ili libaki na namba yake. Hapa hatuna hesabu ya namna hiyo. Kibati kipya chenye tarehe ya zamani, Bujumbura, kinaonekana kama uongo hata kikisema kweli. Mimi huacha matundu mawili matupu, na kwenye faili naandika kwamba gari lilipokelewa bila kibati tarehe fulani. Wenye magari hawapendi. Matundu yanawaudhi kuliko fila chini ya rangi, jambo ambalo sijawahi kulielewa.

Anayedhani nazidisha ayatazame yaliyotokea Kansas, Marekani. Mtu mmoja alinunua Chevrolet Corvette ya 1959 mwaka 2016 kwa dola 50,000. Mwaka uliofuata alipokwenda kuiandikisha, wakaguzi waliona kibati chake kiliwahi kutolewa na kurudishwa, inavyoonekana wakati wa ukarabati, kabla hajawa na gari hilo. Gari likakamatwa, na sheria ya jimbo kama ilivyokuwa ilitaka liharibiwe. Hakuna aliyemtuhumu kwa wizi. Alihangaika mahakamani miaka mingi, mpaka 2022 bunge la Kansas liliporekebisha sheria ili kumlinda anayetoa kibati cha gari la kale kwa sababu halali ya ukarabati, ndipo gari lake likarudi. Sheria ya taifa ya Marekani ilikuwa tayari na kipengele kama hicho kwa mafundi. Ya jimbo haikuwa nacho. Bahasha ya ribiti na picha mbili za fundi wa kwanza zingempa cha kuonyesha tangu siku ya kwanza.

Ukali wa polisi una sababu, na sababu yenyewe imepita karibu nasi. Mwaka 2015 Lexus iliyoibwa Uingereza ilifuatiliwa kwa kifaa chake cha kuonyesha mahali ilipo hadi Kampala, ikiwa imesafirishwa kupitia Ufaransa, Oman na Mombasa. Polisi walipofika wakakuta magari mengine ya Uingereza zaidi ya 20. Gari la usukani wa kulia lina soko katika ukanda wetu wote, hata Burundi tunakoendesha kulia na kuyanunua ya Japani hivyohivyo. Interpol ina hazina ya magari yaliyoibwa inayotafutwa kwa namba ya shasi, na ofisi yake ya Bujumbura inaweza kuulizia. Mkaguzi aliyezoea kesi za aina hiyo hana muda wa kutofautisha mwenye Coccinelle ya babu yake na muuza Lexus ya wizi, kama wote wawili wamemletea chuma kilichosagwa.

Na tusidhani mambo haya yataisha magari ya Wabelgiji yakiisha. Vijana wameanza kuzitunza Toyota Carina Ti, na watafika mahali petu tulipo. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani halina namba ya 17. Lina herufi na tarakimu za modeli, AT212 kwa mfano, kistari, kisha mfululizo. Fomu yenye visanduku 17 inamchanganya karani, naye huongeza sifuri au huacha modeli na kuandika mfululizo tu. New Zealand, inayonunua magari mengi yaliyotumika Japani, iliyapa namba ya pili ya herufi na tarakimu 17 inayoanza na 7A8 na kuiacha ya Japani ilipo. Waliongeza bila kufuta. Burundi ingeweza kufanya vivyo hivyo kwa fomu moja yenye nafasi mbili: namba ya chuma kama ilivyo, na namba ya ofisi.

Lipo jambo la mwisho, na kwa Burundi ndilo zito kuliko ribiti na asidi. Magari mengi ya zamani yanayopatikana nyuma ya nyumba, kwenye vibanda vya Ngagara, Bwiza na hata mikoani, yana mwenyewe ambaye hakuyauza. Watu walikimbia 1972. Watu walikimbia 1993. Gari likabaki uani, likahamia kwa jirani, kwa mlinzi, kwa mpangaji, kwa mtoto wa mpangaji, na leo anayeliuza kwa bei ya chuma chakavu anaamini kwa moyo wake wote kwamba ni lake. Tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine, CNTB, iliyoanzishwa 2006, ilishughulika hasa na mashamba na nyumba; gari lililooza halikuwa na mtu wa kulisimamia. Namba iliyo chini ya kiti cha nyuma ndiyo uzi pekee unaoliunganisha na familia ambayo huenda ipo Kigoma, Uvira au Brussels, na picha ya zamani yenye gari hilo mbele ya nyumba. Anayeisaga ili iendane na karatasi aliyoinunua Buyenzi ameukata uzi huo, hata kama hakujua upo.

Kwa hiyo utafutaji wa namba uanze kabla ya bei kukubaliwa. Nakala ya penseli ipelekwe OBR na polisi gari likiwa bado kwenye majani, na muuzaji aambiwe wazi kwamba malipo yanangoja jibu. Likija na jina la mtu mwingine, atafutwe yeye au warithi wake, mauziano yafanywe mbele ya noteri, na mutasyo, yaani uhamisho wa umiliki, ifuate njia yake. Gari likiwa limeshafunguliwa jibu hilo likifika, kazi ya bodi isimame hapohapo. Shasi iliyosafishwa na kupakwa praima ya epoksi, namba ikiwa chini ya grisi na mkanda, inakaa chini ya turubai mwaka mzima bila kudhurika.